Mama Mkwe Ukutani mwa Baa

Waliokuwa uani kwetu Jumapili ile ni hawa. Mume wangu, aliyefanya kazi katika karakana ya kampuni ya shaba. Mimi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja. Bwana wa wifi, ambaye hapa nitamwita mkwe wetu, kwa sababu ndiye aliyeoa kwetu na shida hii ilimwangukia yeye kwanza. Fundi wa kuchora picha, jirani wa nyuma ya nyumba. Mke wake na mimi tuliimba kwaya moja. Fundi mwingine wa picha, wa sokoni, ambaye hakuwa ndugu wala jirani wa mtu yeyote pale, na aliletwa kwa kushikwa mkono. Mama mwenye baa, aliyekuja kwa hiari yake na kiti chake. Na mzee wa malori, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Yeye ndiye tuliyemwomba akate maneno.

Majina yao yote ninayo, na ya watoto wao, na ya yule mbwa aliyelala chini ya lori. Siyaandiki. Wajukuu zao wako bado Kolwezi na mimi bado ninanunua unga kwao. Tena miaka ile ya Zaïre kila mtu alikuwa na majina mawili, lile la ubatizo tulilokatazwa na lile la mababu tulilopewa amri ya kulipenda, kwa hiyo ningeandika moja mwenyewe angesema si lake. Ninaandika Kiswahili cha masista, nilichofundishwa kabla sijatolewa shule kwenda kulea mdogo wangu. Watu wakisema, nitawaacha waseme kama walivyosema.

Shida ilianzia kwa mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumwona.

Alikufa Sandoa wakati wa mvua, mwaka ule nilioolewa. Habari ilimfikia mume wangu ikiwa imechoka, na lori alilopanda likakwama njiani, akafika akakuta majani yameota juu ya kaburi. Vitu vya marehemu vilikuwa vimegawanywa kama desturi inavyotaka: jembe kwa huyu, sufuria kwa yule, nguo kwa mwingine. Picha ya kamera hakuwahi kupigwa. Mume wangu akarudi Kolwezi na matope tu kwenye suruali.

Akaenda kwa fundi jirani. Kwetu Katanga picha ya namna hiyo tunaiita ukumbusho: mtu mwenye sebule anatundika ukutani kitu cha kumkumbusha alikotoka, mto, au treni, au chui. Inachorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga, kikishapakwa nyeupe. Lakini kumchora mama wa mtu ambaye hujui hata masikio yake, hiyo ilikuwa kazi nyingine. Fundi alimkalisha mume wangu juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kumwuliza, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Pua yake ilikuwa namna gani, tata?"

"Sawa yangu."

Fundi akachora.

"Aa-aa. Hii ni pua yangu."

"Si umesema sawa yako?"

"Sawa yangu, lakini ya mama."

Walikwenda hivyo jioni nyingi. Siku ya macho mume wangu alilia. Fundi akaweka brashi chini, akamngoja amalize, kisha akauliza kama yalikuwa makubwa kuliko hayo. Siku nyingine fundi aliongeza mbuzi karibu na miguu, kwa kupenda kwake mwenyewe, na mume wangu akasema mama yake hakufuga mbuzi, mbuzi walimlia muhogo wake na aliwachukia mpaka kufa. Fundi akamfuta mbuzi kwa rangi ya udongo. Hakufutika vizuri. Ukisogea karibu ulimwona bado, kivimbe cha kahawia kisicho na kichwa.

Ilipokwisha, ndiye mama: ameketi juu ya mkeka mbele ya nyumba ya majani, amevaa kitenge cha buluu, kisu mkononi, anamenya muhogo na kukutazama kama vile umechelewa. Mume wangu akasema, "Njo yeye," yaani ndiye. Tukamtundika sebuleni, nami nikawa na mama mkwe. Nilijifunga kitambaa kichwani kabla ya kuingia kufagia, na sikuongea kwa sauti mbele yake. Wenzangu walikuwa na mama mkwe wanaotembea. Wangu alikaa mahali pamoja. Sikulalamika.

Mwenye taabu alikuwa mkwe wetu. Kwa watu wa mume wangu, mwanamume hawezi kula wala kunywa mbele ya mama wa mke wake, mpaka mama huyo siku moja ampikie kuku na kumfungulia njia. Mama alikufa kabla ya kumpikia. Basi mkwe wetu akabaki amefungwa, na kila alipokuja kwetu wifi alitangulia kuingia, akamfunika mama yake kwa kile kitambaa cha kushona kwa mkono ambacho siku nyingine kilifunika redio. Ndipo mkwe akaingia, akala bukari yake, ugali wetu wa Katanga, kwa amani. Redio ilikaa uchi mpaka aondoke.

Sasa, binti yetu wa kwanza alipopokea komunyo tulifanya karamu. Mkwe alikuwa kazini, kwa hiyo mama alikuwa wazi. Rafiki mmoja wa mume wangu alikuja na mgeni, mtu mwembamba mwenye rangi kwenye kucha. Mgeni akakaa akimwelekea mama mkwe. Watu walicheza, yeye alikaa. Watu waliimba, yeye alikaa. Samaki wake hakumaliza. Nilidhani ni mgonjwa, nikamwongezea mwingine, maana kwetu dawa ndiyo hiyo. Alituaga kwa adabu sana.

Msimu wa mvua ukapita. Siku moja mchana mkwe wetu, ametoka posti, yaani zamu, ya asubuhi, akaingia katika baa iliyo karibu na lango la kampuni. Akaagiza chupa. Akamimina. Akainua macho ili anywe, na pale juu ya makreti mama wa mke wake alikuwa anamenya muhogo na kumtazama. Akaweka bilauri chini ya meza. Akatoka kinyumenyume, kwa heshima, akagonga kisogo mlangoni. Chupa ikabaki karibu imejaa, na watu wa baa wakaambiana kwamba jamaa yule lazima ana malaria.

Alipofika kwetu hakuingia.

"Shemeji," akaniita toka nje, "mama iko?"

"Iko ku ukuta. Ngoja nimufunike."

"Iko ku ukuta ya kwenu?"

"Ataenda wapi, ye?"

"Basi iko wawili," akasema, akaketi kwenye ngazi.

Mume wangu alikwenda kuona mwenyewe. Alimkuta mama mwenye baa anapangusa meza.

"Mama, uyu mama pa ukuta, ulimutosha wapi?"

"Ku soko. Nilimupenda. Angalia ile macho! Tangu nimutie pale, balevi banaendaka kukojoa mbali. Hakuna tena pa ukuta yangu."

"Iko mama yangu."

"Bote banasemaka vile, tata. Ni mama ya kila muntu."

"Hapana. Mi nasema iko mama yangu. Alinizaa."

Mwenye baa akamtazama yeye, akatazama picha, akalinganisha pua zote mbili. Akazima redio.

Haikuishia hapo. Madereva wa mzee wa malori walisema yuko Fungurume pia, katika nyumba ya chakula ya watu wa magari, na kwamba mwingine amepakiwa kuelekea Musumba. "Mama yenu anatembea kuliko mi," mzee akamwambia mume wangu. Mume wangu hakucheka. Alisema anakwenda kwa askari kumshitaki fundi wa soko kwa wizi.

Lazima nieleze. Neno hilo, miaka ile, halikuwa la kuchezea. Mtu akiingia kwa askari akiitwa mwizi, hawakumwuliza ameiba nini mpaka wawe wamemaliza kumfundisha kwamba wizi ni mbaya, na walipenda kufundishia kwenye vidole. Fundi wa soko alikuwa na mke mwenye mimba, na kazi yake yote iko kwenye vidole. Nikamwambia mume wangu: kwanza aseme mzee wa malori. Mzee hakunywa, hakuwa na ukwe na sisi, na nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja ya mtu, dini yake haikupenda. Tukaona hana upande. Tukapatana hivi, na fundi wa soko akasikia. Mzee akisema ni wizi, Jumatatu fundi anapelekwa kwa askari. Akisema si wizi, mume wangu ananyamaza.

Picha mbili, ya kwetu na ya baa, ziliegemezwa kwenye lori la mzee. Mkwe wetu alipewa kiti kinachoelekea barabara.

"Sitwayen mzee," fundi wa soko akaanza, kwa jina la raia ambalo serikali ilituamuru kuitana, "mi si mwizi."

"Ngoja. We njo ulichora hii?"

"Njo mi. Nilichora mama anamenya muhogo. Bamama bote ya Katanga banamenyaka muhogo. Niache kuchora muhogo?"

Fundi jirani akaruka. "Na hii boga hapa ku miguu, ni ya nini?"

"Ni boga tu."

"Boga gani! Ile ni mbuzi! Mi nilichora mbuzi, uyu tata akakataa, nikamufuta. We ukakopia mbuzi ya kufutwa, ukazania ni boga, ukaitia na mukia!"

Tukainama wote kutazama. Mkwe peke yake hakuinama. "Ni boga ao ni mbuzi?" akauliza, macho barabarani.

"Ni mbuzi," wifi akamjibu.

"Asante."

Fundi wa soko hakubisha tena. "Sawa. Nilimuonea hapa. Nilikaa, nikamuangalia, nikaenda naye mu kichwa. Lakini mzee, mwizi anaachaka shimo. Ukiiba kuku, kwa mwenyewe kuku hakuna. Mama yabo iko wapi? Ule pale. Hajakosa hata jino. Mi nilichukua nini?"

Mimi mwenyewe nilimtazama mama mkwe nikamkagua, macho, pua, kisu, muhogo. Alikuwa mzima.

"Alichukua jioni zangu!" fundi jirani akasema. "Mi nilikaa na uyu tata mpaka akalia. Ile pua niliifanya nikaivunja, niliifanya nikaivunja. Ye amekuja kula samaki ya bantu, akaenda na pua imeshaiva!"

"Samaki sikumaliza," fundi wa soko akasema.

"Ni kweli," nikasema.

Mzee akamgeukia fundi jirani. "Na we, ile pua uliitosha wapi?"

"Mu kinywa ya uyu tata."

"Naye?"

"Kwa mama yake."

"Na mama yake?"

Tungefika kwa Adamu, na chakula kilikuwa kinapoa.

Mume wangu alikuwa bado hajasema. Mzee akamwambia sasa aseme yeye.

"Mwizi ya kuku unaweza kumuambia: rudisha kuku," mume wangu akasema. "Uyu nitamuambia arudishe nini? Mama yangu hakuingia mu baa hata siku moja. Leo balevi banamuangalia, banamuita mama, na hakuna mwenye anajua jina yake. Muntu alishakufa hawezi kusema: mi nakataa. Njo mi nakataa pa fasi yake. Kama ile si wizi, mzee, basi we uniambie ni nini."

Mama mwenye baa akasema kwa upole kwamba baa yake ni safi.

Mzee alizungusha tasbihi yake muda mrefu. Fundi wa soko aliitazama ile tasbihi kama vile itasema yenyewe.

"Kwiba," mzee akasema, "ni kuchukua kintu ya muntu. Mama si kintu. Mi siwezi kusema mama aliibwa. Muntu akichukua mama ya mwenzake, akamuweka mu nyumba yake, akakula juu ya jina yake, hatusemake ni mwizi. Tunasema ni mutoto yake." Akamgeukia fundi. "Ulichukua mama. Basi ni mama yako. Na mama yako alishakufa. Matanga yake ulililia wapi?"

"Mi, mzee, sikujua..."

"Kichwa ulinyoa?"

"Hapana."

"Kaburi unaijua?"

"Hapana, mzee."

"Kumbe mutoto gani uyu," mzee akatuambia sisi, na uso wake ulishangaa kabisa.

Akakata hivi. Si wizi, askari wasiitwe. Lakini fundi ni mtoto wa marehemu na hajamlilia mama yake. Anyoe kichwa, akae juu ya mkeka pamoja na mume wangu, kisha apande lori linalokwenda kuchukua muhogo Sandoa, akajionyeshe kwa ukoo, akapalilie kaburi. Wale mama wa Fungurume na Musumba, madereva wataulizia habari zao. Yule wa baa ashuke leo, na mwenye baa achorewe kitu ambacho si mama wa mtu.

"Nipe treni," mwenye baa akasema. "Treni haina mukwe."

Mume wangu hakufurahi. Alitaka askari, amepewa ndugu. Fundi wa soko naye alizipenda nywele zake. Nilimnyoa mimi, na wembe wa nyumbani, akawa anajitazama vidole wakati wote huo. Wakakaa mkekani wanaume wawili wasiopendana, wakipokea pole za majirani. Majirani wengi walimpa pole nyingi zaidi fundi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana na huzuni.

Wakaenda Sandoa juu ya magunia matupu. Mume wangu alinisimulia baadaye. Ukoo haukumwuliza fundi mengi. Mtu mwenye kichwa kilichonyolewa, anayepalilia kaburi lako, unamletea maji. Mdogo wa marehemu tu, dada yake wa tumbo moja, ambaye watu walimchanganya na mkubwa wake tangu utoto, alimketisha akamwuliza ni wa tumbo la nani.

Fundi akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama mbele.

"Ni wa kwetu," akasema.

Yule mama mdogo akampa fundi kisu, akamsogezea muhogo. Muda wote waliokaa pale walimenya pamoja, na fundi alikata vibaya kwa sababu macho yake hayakuwa kwenye muhogo.

Aliporudi alichora treni ya baa, treni nzuri, na mkwe wetu akaweza tena kunywa chupa yake pale bila kuugua. Kisha fundi akaja kwetu bila kuitwa, na picha imefungwa katika shuka. Mume wangu akaifungua. Akakaa chini.

Pua haikuwa ya mume wangu hata kidogo. Ilikuwa fupi, pana. Na macho hayakuwa ya mtu anayekuona umechelewa. Yalikuwa ya mtu anayetaka kucheka, na kazi iliyo mkononi inamzuia.

"Njo yeye," mume wangu akasema. Halafu, "Nilikuwa nimeshamusahau. Nilikuwa ninakumbuka ile picha tu."

Hakumwambia fundi asante. Alimwuliza kama amekula.

Fundi jirani alipokuja kuiona alikunja mikono mgongoni. Akasogea, akarudi nyuma. "Pua yangu ilikuwa nzuri," akasema mwisho, na mume wangu akakubali kwamba ilikuwa nzuri. Kwa muda wa wiki kadhaa mke wake hakukaa karibu nami kwenye kwaya. Aliniambia mume wake anasema kwamba sasa ndipo ameibiwa kweli, na hawezi kuonyesha ni kitu gani kilichoibwa. Nilimjibu kwamba ninamwelewa. Nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mtu mwingine yeyote katika shauri lile.

Kwa maana mume wangu alitaka kuishusha picha ya zamani, nami nikakataa. Ndiyo mara moja tu nilipomkataza kitu sebuleni.

"Uyu mupya ni mama yako," nikamwambia, "simukatae. Lakini mama mukwe yangu ni ule wa zamani. Njo ye aliniona na mimba, njo ye aliniona nikilia. Mama uyu mupya hanijue."

"Lakini ule si ye. Ni pua yangu mi, na bitu fundi alifikiria."

"Basi ni pua yako na bitu ya fundi. Mi nimefunga kitambaa mbele yake miaka yote hii."

Akafikiri. Akaenda kuazima nyundo, akapiga msumari wa pili.

Siku hizi wajukuu wangu wanahamisha nyimbo kutoka simu hii kwenda simu ile, kisha wanasikia redioni kwamba huo ni wizi, wanakuja kuniuliza mimi. Ninawajibu kwamba sijui. Mzee wa malori alijua, na hata yeye alihitaji tasbihi.

Nimeandika kama nilivyosikia, nikiwa kati ya sufuria na watu, na mtu wa sufuria hasikii yote. Fundi jirani mpaka kufa kwake alishika kwamba mzee alisema ni wizi kabisa, ila alihurumia vidole vya yule kijana. Wifi alisema mzee hakusema hivyo, bali aliyetaja mkeka na kunyoa alikuwa yeye wifi, na mzee akaitikia tu. Inawezekana. Waliokuwa pale na wako hai ni wachache, lakini mama zenu waliwasimulia. Kama nimekosea neno la mzee, au nimempa mmoja maneno ya mwingine, njooni mniambie, nitarekebisha. Nyumba ni ileile. Na wewe mjukuu wa fundi wa soko, ukija usipige hodi.